Benki iliyofungwa siku ya Ijumaa: Nani alitoa hesabu?



Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tunapenda kukumbushana juu ya Ijumaa nyingine, ya Julai 5, 1991. Siku hiyo, ilipotimu saa saba mchana mjini London, saa ambayo Waislamu wa mji huo walikuwa wakielekea misikitini, maofisa wa Benki Kuu ya Uingereza walitoa amri ya kuifunga benki iliyokuwa ikijulikana kwa kifupi kama BCCI, yaani Bank of Credit and Commerce International. Siku hiyo hiyo wenzao wa Luxembourg, Marekani, visiwa vya Cayman na nchi nyingine walifanya vivyo hivyo. Wenye akiba waliokwenda kuchukua fedha zao walikuta milango imefungwa na karatasi za tangazo zimebandikwa.

Huenda kijana akauliza, habari ya benki iliyokufa zaidi ya miaka 30 iliyopita inatuhusu nini sisi? Inatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ilikuwa ni benki iliyoanzishwa na Muislamu, ikamilikiwa kwa sehemu kubwa na Waislamu, na Waislamu wengi wakaiamini kwa sababu hiyo. Pili, swali lililoachwa na benki hiyo ndilo swali ambalo mpaka leo jamii zetu hazijalijibu vyema: mali ya watu inapopotea mikononi mwa waliokabidhiwa, nani anapaswa kusimama na kutoa hesabu?

Jinsi jina lilivyojengwa

BCCI iliasisiwa mwaka 1972 na Agha Hasan Abedi, mwanabenki maarufu wa Pakistan. Mtaji wake ulitoka kwa mtawala wa Abu Dhabi na kwa Bank of America, ambayo baadaye ilijitoa. Nia iliyotangazwa ilikuwa nzuri. Benki kubwa za Magharibi, ilisemwa, ziliwadharau wafanyabiashara wadogo wa Kiasia, Kiarabu na Kiafrika. Sasa walikuwa wamepata benki yao wenyewe, inayozungumza lugha yao na isiyowatazama kwa jicho la dharau.

Watu waliitikia. Mwenye duka la vyakula mjini London, mhamiaji anayetuma fedha kwa wazazi wake Karachi au Dhaka, mfanyabiashara wa Lagos na wa Nairobi, wote walipeleka akiba zao. Benki ilienea katika nchi takriban 70 na kuwa na matawi yapatayo 400. Mjini London ilianzisha hata kitengo cha kupokea amana kwa taratibu za Kiislamu, na benki moja ya Kiislamu ya Misri ilikuwa miongoni mwa walioikabidhi fedha zao.

Sadaka nazo hazikukosekana. Benki iligharamia mfuko uliokuwa ukitoa tuzo kwa watu waliotumikia nchi maskini, na Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mmoja wa waliotunukiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hatulitaji hilo kwa kumtia doa Mwalimu, kwani mpokea tuzo hakuwa na habari ya yaliyokuwa yakitendeka ndani. Tunalitaja ili ionekane jinsi jina jema lilivyojengwa, na jinsi ilivyokuwa vigumu kwa mtu wa kawaida kulitilia shaka.

Kilichokuwa chini ya jina

Chini ya jina hilo mambo yalikuwa mengine. Benki ilikuwa imekopesha mamia ya mamilioni ya dola kwa kundi moja la makampuni ya meli lililokuwa karibu na wakuu wake. Biashara ya meli ilipoyumba, mikopo hiyo haikulipika. Benki mwaminifu ingekiri hasara, ikawaeleza wenye hisa na ikajirekebisha. Wakuu wa BCCI waliamua kuficha. Walichukua amana mpya za watu wakazitumia kuonyesha kuwa mikopo ya zamani inalipwa. Baadaye wakapata hasara nyingine kubwa katika kucheza na masoko ya fedha, nayo wakaifunika kwa mikopo iliyoandikwa kwa majina ya watu ambao hawakukopa.

Wakati huo huo, kwa kutumia majina ya watu wengine, benki iliinunua kwa siri benki kubwa ya mjini Washington, jambo ambalo sheria za Marekani zilikataza. Na mwaka 1988 baadhi ya maofisa wake walikamatwa huko Florida kwa kusafisha fedha za wauza dawa za kulevya, baada ya kualikwa na askari kanzu kwenye harusi ambayo haikuwa harusi. Mwaka 1990 benki yenyewe ilikiri makosa mahakamani na ikatozwa dola zipatazo milioni 15. Ikaendelea kupokea amana za watu.

Iliwezekanaje? Siri ilikuwa katika muundo wake. Benki iligawanywa sehemu mbili, moja ikaandikishwa Luxembourg na nyingine visiwa vya Cayman, ilhali makao yake halisi yalikuwa London. Kwa miaka mingi kila sehemu ilikuwa na mkaguzi wake wa hesabu. Hasara iliyotaka kuonekana upande mmoja ilihamishiwa upande wa pili. Luxembourg ilisema benki si yake bali iko London. London ikasema benki si yake bali imeandikishwa Luxembourg. Mtoto wa watu wawili, wahenga wamesema, hulala njaa. Na benki yenye wasimamizi wawili, kila mmoja akimtegea mwenziwe, ilikuwa haina msimamizi.

Ilipofungwa, pengo lililokuwamo katika vitabu vyake lilikadiriwa kufikia dola bilioni 10.

Waliojua na wakanyamaza

Ndugu wasomaji, jambo hili halikuwa siri kwa watu wote. Ndani ya benki walikuwamo walioona na waliosema. Aliyekuwa ofisa wake mkuu wa fedha alieleza mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani mwaka 1991 jinsi yeye na wenzake walivyokusanya taarifa za mikopo mibovu na kuziwasilisha kwa wakubwa, na jinsi alivyotishwa baada ya kuondoka kazini. Wakaguzi wa nje, kampuni ya Price Waterhouse, waliidhinisha hesabu mwaka hadi mwaka. Mwaka 1990 waliifikishia Benki Kuu ya Uingereza baadhi ya mashaka yao, na bado hesabu zikasainiwa. Ni Juni 1991 tu ndipo walipoikabidhi ripoti iliyosema wazi kuwa udanganyifu umeenea benki nzima, na wiki chache baadaye milango ikafungwa.

Hapa tunakumbuka aya ndefu kuliko zote katika Qur'an tukufu, aya ya 282 ya Suratul-Baqara. Aya hiyo haizungumzii swala wala saumu; inazungumzia deni na namna ya kuliandika. Inaamrisha deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mdaiwa asipunguze chochote, mashahidi wasikatae wanapoitwa, na hata jambo likiwa dogo watu wasichoke kuliandika. Kisha inatoa amri ambayo wengi huipita haraka: mwandishi na shahidi wasidhuriwe.

Tuizingatie amri hiyo ya mwisho. Mhasibu anayeandika ukweli ni mwandishi. Mkaguzi wa ndani anayetoa taarifa ni shahidi. Benki inayomfukuza, inayomhamisha au inayomtisha mtu kwa sababu ameandika ukweli imevunja amri ya Mola wake kabla haijavunja sheria ya nchi. Na penye hofu ya namna hiyo, kalamu zote huandika anachotaka mkubwa.

Nani alilipa?

Waliolipa kwanza ni wenye akiba. Nchini Uingereza sheria ya wakati huo ilimfidia mweka amana robo tatu ya pauni zake 20,000 za mwanzo, yaani asiweze kupata zaidi ya pauni 15,000. Aliyekuwa ameweka mtaji wote wa duka lake aliyaona yote yaliyobaki yamezuiwa. Wala hawakuwa Waislamu na Waasia peke yao: halmashauri ya Western Isles, visiwa vilivyo kaskazini-magharibi mwa Scotland, ilikuwa imeweka humo pauni milioni 23, fedha za umma za watu wasiokuwa matajiri.

Ni kweli kuwa wafilisi walifanya kazi kubwa. Walizifuata mali za benki nchi baada ya nchi, na serikali ya Abu Dhabi, iliyokuwa imekwishakuwa mwenye hisa mkuu, ilikubali kutoa dola bilioni 1.8. Hatimaye wadai walirejeshewa zaidi ya robo tatu ya madai yao. Lakini haki hiyo ilikuja kwa mafungu, kwa muda wa takriban miaka 20. Mwenye duka aliyekuwa na umri wa miaka 50 mwaka 1991 alikuwa mzee wa 70 kazi ya ufilisi ilipokuwa ikielekea ukingoni. Ni wangapi walioaga dunia wakiwa na madai mfukoni, na ni mabinti wangapi ambao mahari na masomo yao yalisubiri hundi isiyofika?

Wa pili kulipa ni wafanyakazi. Maelfu yao walikuwa watu waaminifu, makarani na wahudumu wa dirishani, waliokuwa hawajui lolote. Walipokwenda kuomba kazi kwingine, jina la BCCI katika barua zao lilitosha kuwafungia mlango. Baadhi yao waliishtaki benki yao ya zamani, na mwaka 1997 mahakama ya mwisho ya rufaa ya Uingereza ikaamua kuwa mwajiri anayeendesha biashara kwa udanganyifu huvunja mkataba wake na mfanyakazi mwaminifu, na anaweza kudaiwa kwa doa alilompaka. Ulikuwa ushindi mkubwa katika sheria. Lakini kesi za mfano za baadhi ya wafanyakazi hao ziliposikilizwa mwaka 1999, walishindwa, kwa kuwa hawakuweza kuthibitisha kuwa ni doa hilo hasa lililowanyima kazi. Wakaondoka na kanuni nzuri na mikono mitupu.

Nani alitoa hesabu?

Sasa tuje kwenye swali letu. Mwasisi wa benki, Agha Hasan Abedi, aliugua moyo mwaka 1988 na akarejea Pakistan. Marekani ilimfungulia mashitaka, lakini nchi yake haikumtoa. Mahakama ya Abu Dhabi ilimtia hatiani mwaka 1994 yeye asiwepo, na mwaka 1995 akafariki dunia mjini Karachi. Hakupata kusimama mbele ya hakimu yeyote na kuulizwa. Msaidizi wake mkuu, Swaleh Naqvi, aliyekuwa na maelfu ya majalada ya siri ya mikopo hiyo, alitiwa hatiani Abu Dhabi, na pia akapelekwa Marekani ambako alikiri makosa na mwaka 1994 akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Mwenye makampuni ya meli alifungwa London mwaka 1997 kwa miaka 14. Makampuni ya ukaguzi yaliyamaliza madai ya wafilisi kwa makubaliano nje ya mahakama.

Na wasimamizi? Jaji Bingham, aliyepewa kazi ya kuchunguza, alitoa ripoti yake Oktoba 1992 na kuukosoa usimamizi wa Benki Kuu ya Uingereza. Wafilisi, kwa niaba ya wenye akiba, waliishtaki Benki Kuu hiyo wakidai pauni milioni 850. Lakini sheria ilimkinga msimamizi: haikutosha kuthibitisha kuwa alizembea, ilibidi kuthibitisha kuwa alitenda kwa nia mbaya. Kesi ilianza kusikilizwa Januari 2004 na ikasambaratika Novemba 2005, wafilisi walipoiondoa, baada ya gharama za pande zote mbili kupita pauni milioni 100. Benki Kuu ilitoka ikiwa imesafishwa na tuhuma za nia mbaya. Lile la uzembe, sheria haikuruhusu liulizwe.

Tuseme kwa insafu kuwa mafunzo yalichukuliwa. Mwaka 1992 kamati ya wasimamizi wa mabenki inayokutana mjini Basel, Uswisi, iliweka kanuni kuwa kila benki ya kimataifa lazima iwe na msimamizi mmoja anayeiona yote kwa pamoja. Nchi za Ulaya zikaweka sheria ya kumlazimu mkaguzi wa hesabu kumwarifu msimamizi anapoona mashaka makubwa, badala ya kumnong'oneza mwajiri wake. Ni kheri iliyopatikana, ingawa wenye maduka ndio walioilipia.

Mizani ya Uislamu

Uislamu unalitazamaje jambo hili? Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anatuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe, na katika aya hiyo hiyo anatuamrisha tuhukumupo baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Amana na hukumu zimewekwa katika aya moja. Aya ya 135 ya sura hiyo inawataka waumini wausimamie uadilifu hata kama ushahidi utawaelemea wao wenyewe, wazazi wao au jamaa zao, awe mtu huyo tajiri au maskini. Basi haifai mtu kusema huyu ni ndugu yetu katika imani, tumstiri. Sitara ni kwa aibu ya mtu na Mola wake. Mali ya mayatima na wajane haistiriwi.

Tunakumbuka pia kisa cha mwanamke wa ukoo wa Makhzum, ukoo mkubwa wa Kiquraishi, aliyeiba zama za Mtume (S.A.W.). Watu waliona uzito, wakamtuma Usama bin Zaid (R.A.), kipenzi cha Mtume, akamwombee. Mtume alikasirika. Alisimama akawaeleza watu kuwa waliowatangulia waliangamia kwa jambo hilo hilo: akiiba mtukufu walimwacha, akiiba mnyonge walimwadhibu, na akaapa kuwa hata angekuwa Fatima, binti yake mwenyewe, asingemwachia.

Hebu tukipime kisa hicho na mabenki ya leo. Keshia akipungukiwa na noti chache jioni, hukatwa mshahara siku hiyo hiyo. Mkurugenzi akiidhinisha mkopo wa mabilioni kwa kampuni ya rafiki yake, huundwa kamati. Kamati ikimaliza, muda umepita, majalada yamehama, na mhusika amestaafu kwa heshima.

Na Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) hakungoja mpaka mali ipotee. Alipomtuma gavana, aliandika mali aliyokuwa nayo. Aliporudi, alitazama kilichozidi na akauliza kimetoka wapi. Alimtumia sahaba Muhammad bin Maslama kwenda kuwakagua magavana huko huko waliko. Miongoni mwa waliokaguliwa walikuwamo watu waliopigana bega kwa bega na Mtume. Kumhesabu mtu si kumtuhumu, bali ni kumlinda yeye na waliomwamini.

Na sisi huku kwetu

Tusidhani kuwa hayo ni ya London tu. Nchini Kenya, Oktoba 13, 2015, Benki Kuu iliiweka Imperial Bank chini ya mrasimu baada ya kugundulika udanganyifu uliofichwa kwa miaka mingi. Mkurugenzi wake mtendaji alikuwa amefariki dunia ghafla mwezi mmoja kabla, akaondoka na majibu yake. Na wenye akiba, wengi wao familia za wafanyabiashara, wakabaki wakisubiri miaka.

Tanzania nayo haijasahau sakata la EPA. Januari 2008 ilitangazwa kuwa ukaguzi umebaini malipo yasiyo halali ya zaidi ya shilingi bilioni 133 kwa makampuni 22, yaliyofanyika mwaka wa fedha wa 2005/06 kutoka akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu. Gavana aliondolewa. Waliochukua fedha walipewa muda, mpaka Oktoba 31, 2008, wazirejeshe, na waliozirejesha hawakufikishwa mahakamani. Wengine walishtakiwa na baadhi yao wakafungwa.

Je, kurejesha kunatosha? Wanavyuoni wanatufundisha kuwa toba ya aliyekula haki ya mtu haikamiliki mpaka airejeshe. Kurejesha ni sharti, na aliyerejesha amefanya jambo la wajibu. Lakini tunakumbuka kisa cha Safwan bin Umayya (R.A.), aliyeibiwa nguo yake akiwa amelala msikitini. Mwizi alipofikishwa kwa Mtume na hukumu ikatoka, Safwan alimhurumia, akasema amempa nguo ile. Mtume alimuuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumfikisha kwake. Mafunzo yake ni kuwa mwenye mali anaweza kusamehe chake, lakini jambo likishafika kwa mwenye mamlaka linakuwa haki ya jamii nzima. Na mali ya umma, nani mwenye haki ya kuisamehe kwa niaba ya mamilioni ambao hawakuulizwa?

Leo, alhamdulillah, Afrika Mashariki ina mabenki yanayofuata taratibu za Kiislamu. Gulf African Bank ilifunguliwa Kenya mwaka 2008, Amana Bank ikafuata Tanzania mwaka 2011, na mabenki mengine yamefungua madirisha ya namna hiyo. Hatusemi haya kwa kuyatuhumu. Tunasema ili familia zetu zijue kutofautisha mambo mawili. Bodi ya masheikh hutazama mkataba: una riba au hauna, ni halali au si halali. Haihesabu fedha zilizomo katika sanduku. Hilo ni la mkaguzi wa hesabu na la Benki Kuu. Mkataba ukiwa halali na sanduku likiwa tupu, mweka amana ataondoka mikono mitupu pamoja na uhalali wake.

Basi kwa wazazi wenye akiba ya ada, ya ujenzi au ya safari ya Hija, tunashauri haya. Hesabu za benki hutangazwa magazetini, msizipite. Angalieni kama mkaguzi ameweka shaka, na kama mikopo isiyolipika inapanda kila msimu. Ulizeni kiasi kinacholindwa na bima ya amana. Tanzania kinga hiyo ilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi milioni 1.5 hadi milioni 7.5 kwa kila mweka amana katika benki moja, na Kenya ni shilingi 500,000 za huko tangu mwaka 2020. Kinachozidi hapo hakina mdhamini, basi ni busara kutokiweka chote mahala pamoja. Na mkiahidiwa faida isiyofanana na biashara yoyote mnayoijua, ulizeni inatoka wapi, hata kama anayeahidi ana alama ya sijda usoni.

Kwa watoto wetu walioajiriwa katika mabenki, nasaha yetu ni moja. Kalamu uliyopewa ni amana. Usisaini usichokisoma, wala usiandike tarehe ya jana kwa jambo la leo kwa kuwa mkubwa ameamrisha. Utakapoitwa, mkubwa huyo huenda akawa hayupo, na saini itakuwa ni yako.

Na kwa wenye mamlaka tunaomba mambo matatu: mwandishi na shahidi walindwe, hesabu iulizwe mapema, kabla maradhi, uzee au mauti hayajamwahi mwenye majibu, na iulizwe kuanzia juu, kwa aliyekuwa na ufunguo wa hazina.

Tumalizie na hadithi iliyopokewa na Imam Muslim. Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba kama wanamjua muflisi. Wakasema ni yule asiye na fedha wala mali. Akawafahamisha kuwa muflisi wa umma wake ni atakayekuja siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, ilhali amemtukana huyu, amekula mali ya yule na kumwaga damu ya mwingine. Wadai wake watalipwa kutoka katika mema yake. Na mema yakiisha kabla ya madeni, atabebeshwa dhambi zao, kisha atupwe Motoni.

Huo ni ufilisi usio na makubaliano nje ya mahakama. Hautachukua miaka 20, na hautakuwa na nchi ya kukimbilia. Mwenye akili ni yule anayeikubali hesabu ya hapa duniani, ingali fedha inaweza kurejeshwa na mwenye haki angali hai wa kuombwa radhi.

Tunamwomba Allah (S.W.) azihifadhi amana zetu, awape wasimamizi wetu ujasiri wa kuuliza na awape wanaoulizwa ukweli wa kujibu. Wabillahi tawfiq.